Sophocles, Mtunga Michezo wa Athens

Nje ya mji wa Athens, katika nchi ya Wayunani iitwayo leo Ugiriki, palikuwa na kijiji jina lake Colonus. Kilikuwa mwendo wa maili moja na kidogo kutoka mjini, mahali penye mizeituni na mizabibu na ndege wengi. Hapo ndipo alipozaliwa Sophocles, karibu na mwaka wa 496 kabla ya kuzaliwa Kristo. Miaka ya zamani zile huhesabiwa kwa kushuka, basi mwaka wa 480 ulikuja baada ya mwaka wa 496, wala haukuutangulia. Baba yake, Sophillus, alikuwa mtu tajiri, na mali yake ilitokana na karakana ambamo watumwa walifua silaha. Mtoto hakukosa kitu. Alifundishwa mieleka, kucheza ngoma na kuimba, na mwalimu wake wa muziki, Lamprus, alikuwa na sifa kubwa.

Sophocles alipokuwa kijana wa miaka 16 hivi, Waajemi waliingia nchini kwa jeshi kubwa wakauteketeza mji wa Athens, wenyeji wengi wakiwa wamekwisha kuhama kwa merikebu. Lakini mwaka huo huo wa 480, katika mlango mwembamba wa bahari karibu na kisiwa cha Salamis, merikebu za Wayunani zilizishinda merikebu za mfalme wa Uajemi. Watu walipokusanyika kushukuru, vijana walichaguliwa waimbe wimbo wa ushindi, na Sophocles, kwa uzuri wa umbo lake na ustadi wake wa kinubi, akawekwa mbele kuwaongoza. Wayunani walipenda kusimulia ya kuwa watunzi wao wakubwa watatu walikutana katika vita ile moja: Aeschylus alipigana, Sophocles aliimba, na Euripides alizaliwa siku ile ile. Hilo la mwisho lina dalili ya kutengenezwa na watu wapendao mambo yapatane sana.

Yafaa sasa kueleza michezo hiyo ilikuwa ya namna gani. Kila mwaka, wakati wa kuchipua kwa miti, watu wa Athens walifanya sikukuu ya Dionysus, mungu wao wa mvinyo. Walikaa maelfu kwa maelfu ubavuni mwa kilima cha Acropolis, mchana kweupe, wakitazama kiwanja kilichokuwa chini yao. Watunzi watatu walishindana. Kila mmoja alileta michezo mitatu ya msiba, na mmoja wa kuchekesha wa kufuatia, ili watu wasirudi nyumbani na machozi matupu. Wachezaji wote walikuwa wanaume, hata waliojifanya malkia na wasichana, nao walifunika nyuso kwa sura za bandia zilizotengenezwa kwa kitambaa na nywele. Kundi la waimbaji lilicheza na kuimba katikati ya maneno yao, na gharama ya kundi hilo ililipwa na raia mmoja tajiri. Waamuzi walichaguliwa kwa kura, na mshindi alivikwa taji la majani. Habari za michezo zilitoka katika hadithi za kale ambazo watu wengi walizijua tangu utoto. Basi hawakwenda kujua mambo yatakwishaje, bali walikwenda kuona mtu atayapokeaje.

Mwaka wa 468 Sophocles alishindana na Aeschylus, aliyekuwa amekwisha kuwa mzee mwenye heshima kuu katika kazi hiyo. Inasimuliwa kwamba watazamaji waligawanyika kwa kelele, hata mkuu wa sikukuu hakuthubutu kupiga kura za waamuzi, akamwomba jemadari Cimon na majemadari wenziwe waamue wao. Wakampa kijana ushindi. Tangu siku hiyo, kwa muda wa miaka 60 na zaidi, Sophocles alipata tuzo la kwanza mara 18 katika sikukuu ile kubwa, na katika mashindano yote hakuwa wa mwisho hata mara moja.

Hapo mwanzo alicheza mwenyewe katika michezo yake. Alipiga kinubi katika mchezo wa Thamyris, na katika mchezo mwingine alijifanya binti wa mfalme achezaye mpira pwani na wenzake, watu wakastaajabia wepesi wa mikono yake. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu ya kufika juu kilimani, kwa hiyo akaacha kucheza, akawaachia wengine. Jambo kubwa alilolizidisha ni mchezaji wa tatu. Zamani alikuwako mchezaji mmoja tu pamoja na waimbaji, Aeschylus akaongeza wa pili, Sophocles akaongeza wa tatu. Jambo hili laonekana dogo, na kumbe ndilo lililogeuza kazi yote. Watu wawili wakisemezana, mtazamaji huyasikia maneno yao. Akiwapo wa tatu aliyenyamaza, mtazamaji humwangalia yule aliyenyamaza, akaona maneno yanavyomwingia.

Maisha yake yalikuwa ya raha kuliko ya watunzi wengi. Alipendwa na watu kwa upole wake, na wafalme wa nchi nyingine walipomwita waishi naye, hakukubali kuuacha mji wake. Mwaka wa 443 alikuwa mmoja wa watunza hazina ya miji iliyofungamana na Athens. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa jemadari pamoja na Pericles, kiongozi mkuu wa mji, wakaenda kuwatiisha watu wa kisiwa cha Samos walioasi. Pericles alisema ya kuwa Sophocles alijua kutunga mashairi lakini hakujua vita, na Sophocles mwenyewe aliyasimulia maneno hayo karamuni, akicheka.

Inasemekana watu walimpa ujemadari kwa ajili ya kuupenda mchezo wake wa Antigone. Katika mchezo huo, ndugu wawili wamepigania ufalme wa mji wa Thebes, wakauana. Creon, mjomba wao, amekuwa mfalme. Anaamuru mmoja azikwe kwa heshima, kwa sababu aliulinda mji, na wa pili atupwe nje aliwe na mbwa na ndege, kwa sababu alileta jeshi la kigeni. Antigone, dada yao, anatoka akamfunika maiti kwa udongo, akijua adhabu yake ni kufa, kwa kuwa kwake sheria ya kuwazika wafu ni ya milele na amri ya mfalme ni ya jana. Creon si jambazi. Ameupokea mji uliotoka vitani, naye anaogopa kwamba amri ya kwanza ikivunjwa na mtu wa nyumba yake, hakuna atakayemtii tena. Lakini kila aonywapo hukaza zaidi. Mwanawe Haemon, mchumba wa Antigone, anamsihi kwa adabu. Creon anaona amefundishwa na mtoto, akakasirika. Hata nabii kipofu Tiresias anapomtisha, ndipo anapolegea, akaenda kwanza kuzika maiti, kisha akaenda pangoni alikomfungia msichana. Amechelewa. Antigone amejinyonga. Haemon anajiua mbele ya baba yake, na mama yake, aliposikia, naye akajiua. Creon anabaki mzima peke yake katika nyumba yake.

Watu waliwaza sana jinsi mtu aliyebahatika hivi alivyoujua msiba kwa undani. Labda jibu limo katika namna alivyowatazama watu. Aristotle, mwenye hekima aliyezaliwa mwaka wa 384, ameandika kwamba Sophocles alisema yeye aliwaonyesha watu jinsi iwapasavyo kuwa, na Euripides aliwaonyesha jinsi walivyo. Na kweli, watu wake wakuu ni watu wa kustahiwa. Hawaangushwi na uovu wao tu. Mara nyingi huangushwa na kitu kile kile kilichowapa sifa.

Mfano mkubwa kuliko yote ni mfalme Oedipus. Alipozaliwa Thebes, wazazi wake walikuwa wameonywa kwamba mtoto huyo atamwua baba yake. Wakamtoboa vifundo vya miguu, wakampa mchungaji akamtupe mlimani. Mchungaji akamhurumia, akampa mwenzake wa nchi ya Corinth, na huko akalelewa na mfalme Polybus kama mwanawe. Alipokuwa mtu mzima aliambiwa na wenye kutabiri wa Delphi kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake. Kwa kuogopa jambo hilo hakurudi Corinth tena, kwa kuwa aliwadhani watu wa Corinth ndio wazazi wake. Njiani, penye njia panda, aligombana na mzee mmoja aliyepanda gari, akamwua. Akafika Thebes, akalitegua fumbo la mnyama aliyewatesa watu, nao kwa shukrani wakamfanya mfalme na kumwoza mjane wa mfalme wao aliyekufa.

Hayo yote yamekwisha kupita mchezo unapoanza. Watazamaji wanayajua, naye hayajui. Hukaa kama mtu aliye juu ya mti anayemwona mwenzake chini akiiendea nyoka majanini, wala sauti haiwezi kumfikia. Tauni imeingia Thebes, na jibu limekuja kutoka Delphi kwamba lazima mwuaji wa mfalme wa zamani, Laius, atafutwe na kufukuzwa. Oedipus, mfalme mwema awapendaye watu wake, anaapa kumtafuta, na kumlaani mwuaji kwa laana kali mbele ya watu wote.

Kisha anakuja mjumbe kutoka Corinth na habari anazozidhani ni njema. Polybus amekufa, Oedipus amerithi ufalme. Oedipus anafurahi kwamba hakumwua baba yake, ila bado anaogopa habari ya mama. Mjumbe, kwa wema wake, anataka kumwondolea hofu. Anamwambia asiogope, kwa maana wale hawakuwa wazazi wake, yeye mwenyewe alimpokea akiwa mtoto mchanga mwenye vifundo vilivyotobolewa, mikononi mwa mchungaji wa Laius. Hapo ndipo mchezaji wa tatu anapofanya kazi yake. Malkia Jocasta amesimama kando amenyamaza. Wanaume wawili wanaulizana na kujibizana, na yeye amekwisha kuelewa yote. Anamsihi mumewe aache kuuliza. Oedipus anadhani malkia anaona haya kwamba mumewe huenda ni mtoto wa mtumwa. Jocasta anaingia ndani, wala haonekani tena. Mchungaji mzee analetwa, naye hataki kusema. Oedipus anamshurutisha, na kila swali analomwuliza ni fundo jingine la kamba anayojifunga mwenyewe. Akili ile ile iliyotegua fumbo na kuuokoa mji ndiyo isiyoweza kuacha jambo nusu. Anapojua, anaingia ndani, anamkuta Jocasta amejinyonga, anatwaa vikwasi vya nguo yake na kujipofusha macho.

Mwaka wa 430 tauni ya kweli iliingia Athens katika vita vyake na Sparta, na mwaka uliofuata Pericles akafa katika ugonjwa huo. Wataalamu wengi huuweka mchezo wa Oedipus karibu na miaka hiyo. Kama ndivyo, watu walioketi pale kilimani walikuwa wamekwisha kuzika jamaa zao. Aristotle aliuchukua mchezo huu kuwa kielelezo chake alipoandika juu ya kazi ya michezo ya msiba. Akasema huamsha huruma na hofu, huruma kwa mtu apatwaye na mabaya yasiyomstahili, na hofu kwa kuwa mtu huyo ni kama sisi. Siku ulipoonyeshwa, lakini, waamuzi waliupa nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa Philocles, mpwa wa Aeschylus, ambaye mchezo wake wa siku ile hausomwi na mtu yeyote leo, kwa maana haukubaki.

Na ya Sophocles mwenyewe mengi yamepotea. Alitunga michezo zaidi ya 120, na iliyobaki mizima ni 7 tu. Iliendelea kunakiliwa kwa mkono, kizazi baada ya kizazi, na nakala moja yenye sifa, ya karne ya 10 baada ya Kristo, imehifadhiwa katika mji wa Florence. Katika mchanga wa Misri, mahali paitwapo Oxyrhynchus, Waingereza Bernard Grenfell na Arthur Hunt walichimbua vipande vya mafunjo katika majaa ya kale, na mwaka wa 1912 ikatangazwa kwamba baadhi yake ni mistari kama 400 ya mchezo wa kuchekesha wa Sophocles. Habari yake ni mungu mchanga, mtoto wa siku chache tu, aliyeiba ng'ombe za ndugu yake. Mtu wa misiba alijua pia kuwachekesha watu.

Uzee haukumpunguzia nguvu. Mwaka wa 409, akikaribia miaka 90, alipata ushindi kwa mchezo wa Philoctetes. Askari mmoja ameumwa na nyoka mguuni, na wenzake, kwa kuchukia harufu ya jeraha na makelele yake, wamemwacha peke yake kisiwani. Miaka kumi baadaye wanamhitaji, kwa kuwa ana upinde ambao bila huo mji wa Troy hautashindwa. Odysseus mjanja anamtuma kijana Neoptolemus amdanganye mgonjwa na kumnyang'anya. Kijana anaweza. Mgonjwa anamwamini, anamkabidhi upinde mikononi, akashikwa na maumivu, akalala. Kijana anakaa na kitu alichokitafuta, wala hakimpi furaha. Mwisho anarudi na kumrudishia upinde wake, Odysseus akimkataza kwa vitisho.

Wakati huo huo, kwa habari za watu wa kale, nyumba yake mwenyewe iliingiwa na fitina. Mwanawe Iophon, ambaye naye alikuwa mtunga michezo, aliona baba anampenda mno mjukuu aliyeitwa Sophocles, mwana wa mtoto wake mwingine. Akamshtaki baba barazani, ya kuwa uzee umemharibu akili, hafai kusimamia mali yake. Mzee hakutoa hoja nyingi. Aliwasomea waamuzi wimbo wa mchezo aliokuwa akiutunga, unaokisifu kijiji chake cha Colonus, akawauliza kama waliona hiyo kuwa kazi ya mtu aliyepotewa na akili. Wakamwachilia, na watu wakamsindikiza kwa shangwe. Wataalamu wengi hukishuku kisa hiki, wakidhani kilitoka katika mizaha ya michezo ya kuchekesha. Lakini mchezo wenyewe upo, na ndani yake mna mzee mwenye ghadhabu na mwana aliyemtupa.

Katika masika ya mwaka wa 406 habari ilifika kwamba Euripides, mshindani wake wa miaka mingi, amekufa katika nchi ya Makedonia. Siku watunzi walipojionyesha kwa watu kabla ya sikukuu, Sophocles alitokea amevaa nguo za matanga, na waimbaji wake aliwaleta bila mataji vichwani. Watu wakalia. Yeye naye hakuishi mwaka mwingine. Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, hakumhurumia mtu yeyote kwa mizaha yake, lakini mwaka wa 405 alipoonyesha mchezo juu ya watunzi waliokufa na ugomvi wao kuzimu, Sophocles peke yake alimwacha katika amani, kuwa ni mtu mpole huko kama alivyokuwa duniani.

Mwaka wa 404 Athens ilishindwa kabisa na Sparta, na kuta zake zikabomolewa. Mwaka wa 401 yule mjukuu, Sophocles mdogo, akauonyesha mchezo wa mwisho wa babu yake. Oedipus amezeeka, ni kipofu mwenye matambara, amefukuzwa kwao, anaongozwa kwa mkono na binti yake Antigone. Amefika karibu na Athens asijue ni wapi. Wazee wa mahali hapo, wanaposikia jina lake, wanataka kumfukuza kwa hofu. Anawaambia kwamba yale aliyoyatenda aliyatenda bila kujua, na kwamba aliteswa nayo kuliko alivyoyatenda. Mfalme Theseus anampokea, anamwahidi kaburi katika nchi yake, wala hamwulizi zaidi. Ndipo waimbaji 15, waliojifanya wazee wa Colonus, walipomgeukia yule mgeni asiyeona, wakamweleza uzuri wa mahali alipofika, farasi wake, mizeituni yake isiyozeeka, na ndege waliao mabondeni.